Nati ya Tisa

Ilianza na harufu tamu, kama jamu inayoungulia sufuriani,
kwenye kilima cha kutoka Dolwyddelan.
Morisi yangu haina saa ya joto; hunijulisha kwa pua.
Nikafungua kifuniko cha oili: uji.
Uji mzito, rangi ya chai ya mgonjwa.
"Gasketi ya hedi imeungua," nikasema kwa sauti,
na kondoo aliyeegemea ukuta akanitazama
kama karani wa benki.

Tegid wa nyumba ya chini akaja na mwavuli.
"Liuze, Gwenllian. Limezeeka."
"Hata mimi," nikamwambia, "na kwangu hujaleta mnunuzi."

Nikayamwaga maji ya rejeta kwenye beseni
nililoogeshea wanangu. Nikalegeza mipira, waya, kabureta.
Fimbo nane za valvu nikazichomeka kwenye trei ya mayai,
kila moja na tundu lake,
maana vitu vilivyozoeana kusuguana
ukivibadilishia wenzi vitapiga kelele.
Hilo sikulisoma popote. Niliolewa miaka arobaini na minne.

Kisha nati. Tisa.
Nane zililia, zikagoma, zikataka bomba
la kurefusha mkono wa spana, na maneno ya Kiwelishi
yasiyotumika kanisani.
Ya tisa, ile ya nyuma kabisa,
pale mkono haufiki bila kuchubuka,
ilizunguka kwa vidole viwili.

Nikasimama.
Idwal ndiye aliyeifunga, kiangazi cha tisini na nne,
yeye na redio yake na mluzi wa ushindi.
Idwal, aliyepasua sleti machimboni mpaka ikawa kama kaki,
na ambaye hakuwahi kumaliza upande wa nyuma wa kitu chochote.
Mlango wa choo haujapakwa rangi kwa ndani.
Kabati halina mgongo.
Barua ya kaka yake wa Patagonia
imeishia kwenye mkato,

Nikamtukana, kwa jina lake lote la ubatizo.
Mvua ikapiga bati.
Nikamtukana tena, polepole.
Au labda ilijilegeza yenyewe,
miaka thelathini ya milima na mashimo.
Sitajua. Plagi ya nne ilikuwa safi, imeoshwa kama maiti.

Hedi ilikuwa na uzito wa mtoto aliyelala.
Chini yake, kati ya moto na maji,
kulikuwa na shaba nyembamba kuliko ukucha wangu.
Hiyo tu. Na penye silinda ya nne
ilikuwa imelika, kijia cheusi
ambacho sisimizi angepita bila kuinama.

Nikailaza hedi kifudifudi juu ya sleti ya meza ya biliadi
aliyoileta kwa toroli siku klabu ilipofungwa.
"Itafaa siku moja," alisema. Nikacheka, wakati ule.
Kwenye koti lake kulikuwa na karatasi za kusokotea sigara.
Nikaichomeka moja kila ukingo, nikavuta.
Ilibanwa. Ilibanwa. Ilichanika.
Imenyooka, basi. Hata huko aliko, jiwe lake linapima sawa.

Gasketi mpya. Duru tatu za spana,
kuanzia katikati kwenda nje, bila pupa,
na ya tisa nikaifunga mwisho
kwa ngozi ya vifundo vitatu.

Ufunguo. Kikohozi. Kikohozi.
Kisha ikanguruma, ikatema moshi mweupe, mwingi,
nami nikahesabu, nikijiambia ni maji ya zamani tu,
yatoke, yatoke,
mpaka nikauona ukuta wa Tegid, jiwe kwa jiwe,
na Tegid mwenyewe dirishani akivua kofia,
sijui kwangu au kwa gari.

Jumanne nilinunua kopo la rangi, buluu,
kwa ajili ya mlango wa choo.
Liko pale pale ukumbini.
Sijalifungua.