Njia ya Mchepuko

Tangu Machi wameifumua barabara yetu kama sweta;
lami kuukuu imerundikwa kando ya kanisa
vipande vipande, kama ukoko wa sufuria.
Penye nia pana njia, husema watu.
Hapa nia ipo. Njia ndiyo iliyoondoka na katapila.

Malori ya kuvuka mpaka wa Uhispania
sasa yanapita uchochoroni kwetu.
Vikombe vya Deolinda vinagongana kabatini,
naye keshajifunza kuyatambua kwa mtetemo:
hili la magogo, hili la maziwa,
hili tupu, na dereva ana hasira.

Norberto kinyozi jana alinyoa vichwa viwili,
kimoja chake mwenyewe.

Yule kijana wa kibao,
upande huu SIMAMA, upande ule PITA,
hata jina hatukumuuliza
hadi Jumanne, tulipomzika mzee Adelino,
aliyeandika barua miaka kumi na mmoja
akiomba barabara hii itengenezwe.
Gari la maiti lilikwama kwenye shimo la bomba.
Tukasimama nyuma yake, mvua ikitupiga visogoni.

Kijana akakigeuza kibao,
akavua kofia yake ya njano,
akauzuia mji mzima, huku na huku,
mpaka jeneza likavushwa kwa mabega
juu ya mbao za mafundi zilizojaa saruji.

Anaitwa Zeferino. Kwao ni milimani.
Siku hizi Deolinda humpelekea supu saa sita.

Barabara bado. Wanasema Oktoba.
Adelino naye waliwahi kumwambia Oktoba.