Daftari la Vipimo

Daftari langu ni la mtoto wa shule, la miraba,
jalada limelowa mafuta ya cherehani.
Humo nimewaandika wanawake wa Kadutu kwa namba:
bega, kifua, kiuno, mkono.
Mtu anaweza kunidanganya umri
na bei aliyonunulia kikwembe.
Utepe haudanganywi.

Nsimire, Juni:
kiuno themanini na moja, mikono mifupi,
shingo wazi, "na mgongoni weka kipepeo".
Alicheka nilipompima kwapa.

Nsimire, Desemba:
kiuno sabini na tatu. Mikono hadi kiwiko.
Nikasema umepungua, akasema malaria.
Simu ikalia. Ikalia tena.
"Niko kwa fundi." Ikalia.
"Anataka kusikia sauti yako,"
akaninyooshea simu
kama anayemtolea askari kitambulisho.
Ndiyo, mwalimu, yuko hapa, mwalimu.
Nilijibu kwa adabu. Hilo nalo niliandike.

Nsimire, mwezi wa pili:
vifungo vinne, blauzi ileile.
Havikukatika uzi,
vilinyofoka na kitambaa chake.
Mimi ni fundi. Najua kilichochakaa
na najua kilichovutwa.
Nikashona. Nikapokea pesa.

Nsimire, Julai, vumbi la kiangazi limekaa hadi juu ya sambaza:
mikono mirefu, ifike kifundo,
shingo ipande, ipande zaidi, hapa, chini ya sikio.
Nikazungusha utepe.
Akafumba macho, akaacha kupumua,
mabega yakapanda yenyewe
kama ya kuku anayekijua kisu.

Utepe ukalegea mkononi mwangu.

Nilikuwa na maneno tayari,
niliyofungiwa na shangazi zangu siku ya mahari:
vumilia, nyumba ni siri,
si angalau anarudi kulala?
Nimeyavaa miaka kumi na moja.
Yananibana kwapani tangu siku ya kwanza.
Sikumpa.

Nikafunga mlango, nikazima redio. Hapana,
nikaiongeza sauti, ukuta wetu ni mbao.
Nikamwambia: sikuulizi umefanya nini.
Hakuna ulichofanya cha kupigiwa.
Akasema, "Hajanipiga usoni."
Akarudia, kama anayemtetea mtu mbele ya hakimu,
"Usoni, hapana."

Hatukulia. Kazi ilikuwepo.
Shingo niliipandisha alivyotaka,
na ndani ya pindo, upande wa kushoto,
nikashona mfuko wa upana wa kiganja.
Kila wiki alirudisha gauni "kulegeza kiuno"
na mfuko ukala:
kadi ya uchaguzi,
dola kumi, dola tano isiyo na mpasuko,
cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kimekunjwa mara nane,
namba ya mwanasheria wa Nyawera, kwa penseli,
ufunguo wa mlango huu.
Sikumwambia lini. Si mimi ninayelala pale.
Nilisema tu, kitasa nimekipaka mafuta,
hakipigi kelele.

Usiku wa mvua kubwa ya Septemba,
mlima mzima ukiwa macho
kusikiliza kama udongo utashuka,
nikasikia mlango ukifunguliwa
na mtoto akinyamazishwa.

Leo asubuhi mwalimu amekuja.
Suruali ni ndefu, anataka ikatwe.
Anaongea polepole, kama anayesomea darasa imla:
"Wanawake huwaambia mafundi mambo mengi."
Nimepiga magoti, pini mdomoni,
nimempima toka kiunoni hadi kisiginoni.
Pini zimenisaidia kunyamaza.
Mia moja na nne.
Mkono umetetemeka; nne imetoka kama saba.
Suruali itamburuza kidogo. Basi.

Ukurasa wa Nsimire umesimama Julai,
kiuno sabini.
Chini yake nimeacha mistari mitano, sita,
sijaandika mtu mwingine.
Aje siku moja kutoka huko aliko
anigombeze kwamba gauni limembana.