Cha Juu

Niliandika kumi.
Si kumi na kitu, wala kumi kasoro,
pauni kumi, nzima kama sufuria,
chini ya picha ya redio ya Emrys
niliyoipiga juu ya meza ya jikoni, karibu na dirisha,
kwa sababu hapa Blaenau mwanga ni wa kuvizia:
mvua ikivuta pumzi, unauwahi.

Nikaeleza yote. Kwamba kitufe cha sauti hukwama kwenye saba.
Kwamba mgongoni ina kovu la sigara, la mwaka ule wa mgomo.
Kwamba antena si yake, ni waya wa kutundikia koti,
na kwamba ikitaka kuongea huongea vizuri,
isipotaka, ipige kofi ubavuni, ubavu wa kushoto.
Sijamuuzia mtu mbuzi kwenye gunia.

Jumapili akaja Lowri na simu yake.
"Nain," akasema, ndivyo tumwitavyo bibi huku milimani,
"mbona umeweka kumi na peni tisini?"
Nikavaa miwani. Nikaivua, nikaifuta, nikaivaa tena.
Kwangu kumi. Kwake kumi na tisini.
Redio ile ile, meza ile ile.

"Ni ada ya mnunuzi," akasema.
"Peni arobaini za kubisha hodi,
halafu tano katika kila mia. Ni ya ulinzi."
"Wa nani?"
"Wa mnunuzi."
"Dhidi ya nani?"
Akatafuna biskuti taratibu, mtoto mwenye adabu zake.
"Dhidi yako, Nain."

Mimi.
Mimi ninayeacha ufunguo chini ya chungu cha maua,
na mtaa mzima unajua ni chungu kipi.
Mimi niliyemrudishia muuza nyama peni saba alizozidisha,
nikakishuka na kukipanda kilima kile kwa goti hili hili.
Leo nimewekewa askari,
na mshahara wake anaulipa mgeni,
na mgeni anadhani cha juu ni changu.

Maana ndivyo alivyodhani. Bwana Tudno wa Amlwch aliniandikia:
"Kumi na tisini, kwa redio ya kupigwa makofi?
Fanya kumi kamili, mama. Punguza tamaa."

Nilimjibu aya nzima, kwa Kiwelisi,
lugha iliyonyooka sana kwa hasira.
Kisha nikaifuta.

Tukapiga hesabu, mimi na Lowri, nyuma ya bahasha ya bili ya umeme.
Ili yeye aone kumi,
mimi sharti niseme tisa na peni kumi na nne.
Peni themanini na sita, basi,
nimemlipa askari wa kumlinda mtu na mimi.
Bwana Tudno akajibu: "Sawa."
Baada ya dakika tano: "Ahsante kwa kuona haya."

Emrys aliipata kwa magunia mawili ya makaa na jogoo mkorofi.
Hapakuwa na mtu wa katikati,
ila yule jogoo.

Jumanne, posta. Heulwen akauweka mzigo kwenye mizani.
Nilikuwa nimeufunga kwa gazeti na sweta lililotoboka kiwiko,
betri mpya ndani, sikuzidai.
"Thamani ya kilichomo?"
Nyuma yangu foleni ya watu wanne na mbwa mmoja aliyelowa.
Nikafikiri tisa na kumi na nne.
Nikafikiri kumi, nikafikiri kumi na tisini.
Nikafikiri kofi la ubavu wa kushoto, jikoni, usiku,
na Emrys ameinua kidole: "Ngoja. Inakuja."

"Kumi," nikasema.

Akaandika kumi, kwa mwandiko wake wa kulala.
Kisha, bila kuinua macho,
akauliza kama ningependa, kwa nyongeza kidogo tu,
na bima.