Rangi Mbichi

Ukutani wamebandika: USIGUSE, RANGI MBICHI.
Tumekaa katikati ya ukumbi, Louisville, makoti mapajani.

Bi Loretta anasema: msipohesabu weusi na weupe
wajukuu wangu watarudi kulekule, kwenye mapaa yanayovuja.
Bwana Hendricks: binti yangu si kijiko cha sukari
cha kukoleza chai yenu.

Mimi nina fomu. Kisanduku cha tatu
nimekitia alama, nikafuta, nikatia tena,
karatasi ikatoboka.
Nakiete hupanda basi saa kumi na moja na nusu,
hulala shavu kiooni hadi shule ya wenye bustani.
Bado hajaniuliza yeye ni wa hesabu ipi.

Nje, kwenye ngazi, Bi Loretta anamfuta Hendricks bega kwa leso:
aliegemea ukuta.
Inazidi kutapakaa.