Mipigo Miwili

Jumanne watu wa halmashauri walinipa kopo la nyekundu,
lita nne, na karatasi yenye namba za nyumba.
Mia saba kwa kila ukuta, malipo mwisho wa mwezi.
Nikaanzia huku relini, nikashuka Pasua nzima
nikipasua. Samahani,
mzaha huo si wangu, mtaa ulizaliwa nao.

X ni mipigo miwili.
Wa kwanza hauna neno: mstari tu,
mtoto huuchora kwa mkaa, akapigwa kofi, yakaisha.
Wa pili ndio unaobomoa.

Kwa Bi Aikaruwa nilikuta chokaa bado mbichi,
mjukuu alikuwa apate kipaimara Jumapili.
Hakulia. Aliingia ndani, akatoka na risiti za kodi ya jengo,
miaka kumi na moja, zimebanwa kwa kibanio cha nguo,
akazihesabu mbele yangu
kama mtu anayehesabu vifaranga mwewe akishapita.
"Zote zipo," akasema. "Haya, paka."
Nikapaka.
Akaniletea maji ya kunawa.

Alhamisi akanijia Ndetaulwa, mgombea uenyekiti wa mtaa,
mwenye duka la nondo na mabati pale njia panda,
na makopo yake mawili, nyeupe na nyeusi.
Niandike NYUMBA KWANZA kila ukuta ulio wazi.
Kuta zilizo wazi hazikufika tano.
"Basi andika juu ya hizo X, zifunike."

Kila fundi anajua nyekundu haifi kwa mkono mmoja.
Inataka mikono mitatu, na siku ya jua kila baada ya mkono.
Ndetaulwa alilipia mmoja.
Jumamosi ikanyesha,
na kufikia Jumatatu X zote zilikuwa zinachungulia
nyuma ya maneno yake, waridi,
kama macho ya mtu aliyelala kidogo.

Nyumba namba 47 niliiacha mpaka mwisho.
Chumba changu ni cha tatu kushoto,
kodi nimelipa miezi sita mbele,
Luku tunachanga watu tisa na kugombana watu tisa.
Nikapiga mpigo mmoja, nikatua brashi.
Msimamizi akauliza: wa pili uko wapi?
Nikasema rangi imeisha.
Akalitikisa kopo.
Kopo likasema kweli.

Siku ya kura tulipanga mstari shuleni tangu alfajiri,
wenye nyumba na wapangaji, vumbi moja miguuni.
Nilikuwa nawaza kwamba alama ya vema nayo ni mipigo miwili,
mfupi na mrefu, wala hailipwi mia saba,
na kwamba mkono wangu, wiki nzima, ulikuwa umezoea kukata.

Mbele yangu alisimama Bi Aikaruwa.
Karani alipitisha kidole daftarini, akarudia, akageuza ukurasa.
Jina halikuwemo.
Bibi akafungua kanga, akatoa kibanio na risiti zake.
"Mama, hizi si utambulisho. Hapa tunataka mkazi aliyeandikishwa."

Akageuka. Akaniona.
Akanyoosha mkono dirishani, ng'ambo ya barabara,
ambako ukuta wake ulikuwa umelowa umande
na nyekundu imeshinda nyeupe.

"Nisome pale," akamwambia karani.
"Na aliyeniandikisha huyu hapa, nyuma yangu."