Nambari Kumi na Saba

Mimi ndiye mweka hazina. Daftari hukaa kwangu,
ndani ya sufuria ya pilau isiyoshuka rafuni ila kwa harusi.
Mwizi hatafuti pesa kwenye masizi.

Kila Alhamisi, alasiri ikishasaliwa,
majina ishirini na mawili, mia tatu kila jina,
bila porojo nyingi, maana wali uko motoni.

Alhamisi ile alikuja mwanamume.
Hakubisha. Alikohoa tu mlangoni,
kama aombaye radhi kwa kuwa na kifua.
Shekuwe, fundi chokaa wa huku Langoni,
mikono imepauka mpaka viwikoni,
ameshika kitana kilichobaki na meno matano.
"Nisameheni. Nimekuja kwa jambo la nywele."

Tukacheka.
Kisha tukawaona nyuma yake, Saumu na Twaiba,
nywele zimefungwa kwa uzi wa kupimia ukuta.
Tukaacha kucheka.

Bi Tima akamvuta Saumu kati ya magoti yake, akaanza kuchambua.
Na mzazi akiona kichwa cha mwanawe kimeshikwa kwa upole
mdomo wake hufunguka wenyewe.

Akayatoa madeni kama mtu ajitoaye miba:
dukani kwa Bafadhili, unga, mafuta, viberiti, elfu nne na mia mbili.
Hospitali, siku tisa za kitanda
ambacho mgonjwa alikwisha kukihama.
Sare za shule, viatu pea moja na nusu
(usiniulize, ndivyo alivyosema).
Na simu.
Alikopa usiku, bila shahidi, kwa kidole gumba,
akakopa kwingine kulipa huko, na kwingine kulipa kwingine.

Husemwa kukopa harusi, kulipa matanga.
Huyu alikopa matangani.
Kulipa kwake kutaitwaje?

Akatuonyesha ujumbe: Mpendwa mteja.
"Tangu Mwanajabu aondoke," akasema,
"ni huyu tu aniitaye mpendwa."

Wali wa mtu ulikuwa ukiungua mahali. Hakuinuka mtu.

Nikaishusha sufuria, nikafungua ukurasa.
"Kumi na saba," nikasoma. "Mwanajabu."
Akafumba macho. "Na huku pia nadaiwa?"
"Soma mwenyewe."

Alisoma kwa kidole: mia tatu, mia tatu, mia tatu,
wiki ishirini tangu mazishi, hapana pengo.
"Nani alipaye?"
Bi Tima alikuwa na uzi mdomoni.
Wengine sijui walikuwa na nini.

Wiki ya kwanza nilisahau kumfuta.
Wiki ya pili niliona haya.
Ya tatu, Mwanaheri aliweka noti juu ya jina, akasema,
"Huyu amechelewa tu."
Hatukupiga kura. Tulipokezana.

Na zamu ya kumi na saba ilikuwa siku ile.

Elfu sita na mia sita haizimi moto wa namna hiyo, najua.
Wala sikumtajia haba na haba;
mwenye deni amekwisha kuzisikia methali zote.
Tulikaa naye, tukaandika nyuma ya kalenda:
simu kwanza, riba haina usingizi.
Bafadhili atangoja, alikula biriani ya harusi yao.
Hospitali, Mwanaheri atakwenda naye ofisini,
ataketi hapo mpaka wakubali mia tano kwa mwezi,
na Mwanaheri akiketi haondoki.
Fomu za basari ziko kwa chifu, mwisho Ijumaa.
Na usikope tena usiku. Usiku, njoo ukohoe.

Twaiba alikuwa amelala, nusu ya kichwa imesukwa.
Akambeba hivyo hivyo.

Siku hizi huja kila Alhamisi, haketi mbali na mlango.
Nilimwuliza niandike jina lipi. Akafikiri sana.
"Liache," akasema.

Ukilifungua daftari langu, kurasa zote zina mafuta na masizi yangu.
Mstari wa kumi na saba tu
una alama za vidole vyeupe.