Chonga Huyu

Fundi Lugembe alinichorea kwanza kitu kirefu,
chembamba, pua imechongoka kama penseli mpya,
kwa ncha ya tezo, kwenye mchanga wa Igombe.
"Ndivyo zilivyo," akasema. Alikuwa amemwona kijana mmoja
kwenye simu ya mwanawe, akishuka mlima wa maji
mrefu kuliko mnara wa simu.

Nikamwambia: Lugembe, geuka.

Ziwa lilikuwa likihema taratibu
kama mtu aliyeshiba ugali wa muhogo.
Wimbi likaja, likamfika bata magotini,
likaomba radhi, likarudi.

Milima hatuna. Tunacho kiupepo cha saa tisa
kinachokunja maji kama shuka lisilopigwa pasi,
na tunayo meli ya Ukerewe:
inapita mbali, imeshatoweka, umeshaisahau,
ndipo salamu zake zinagusa ufukwe,
mikunjo mitatu, na wa pili ndio mnene.
Nimeihesabu mwaka mzima nikisahihisha madaftari.
Haizidi goti. Haimsubiri mtu.

Ubao mrefu mwembamba unataka kusukumwa,
unataka mteremko, unataka sababu.
Ukiupa wimbi la goti unazama mkia,
unabaki kutazama mbele kama ofisa aliyekosa gari.

Nikachomoa sato kwenye beseni la Holo,
nikamlaza juu ya mchoro, katikati.
Mfupi. Mabega yanaanza mapema
na hayana haraka ya kuisha.
Chonga huyu.

"Huyu?" Lugembe akacheka mpaka akakaa.
Kisha akaacha kucheka, akampima kwa shubiri,
pua butu, tumbo bapa, mkia kama upepeo,
akafikiri kwa vidole, wanavyofikiri mafundi.
"Utaelea hata kwenye mate," akasema.
"Utaanza kwenda kabla wimbi lenyewe halijajua.
Lakini siku ziwa likikasirika, upana huu utakutupa.
Mkia hautashika maji,
utateleza kama sahani yenye sabuni."

Siku hiyo, nikasema, nitakuwa nyumbani nachambua mchele.
Siwezi kulipia kitu kwa ajili ya siku mbili za mwaka
halafu nikiburuze siku mia tatu sitini na tatu.

Mengine sikumwambia:
kwamba bwenini waliniita Kigoda,
kwamba pale Makoroboi muuza magauni hunitazama
toka juu hadi chini, safari fupi,
kisha upande kwa upande, safari ndefu,
na kusema, saizi yako, mwalimu, labda Alhamisi.
Miaka arobaini na moja nimevaa vitu
vilivyokatwa kwa ajili ya mtu mwingine,
nikapunguza pindo.

Alitumia msonobari, akaziba nyufa kwa pamba na gundi.
Urefu futi tano kamili, yaani mimi bila viatu.
Upana dhiraa yangu moja na nusu shubiri.
Alipomaliza aliupiga kofi, kama mtu anavyompiga ng'ombe
aliyemuuza kwa bei nzuri.

Jumamosi meli ikapita.
Nililala kifudifudi, kidevu mbaoni,
puani harufu ya randa na ya dagaa.
Mkunjo wa kwanza nikauachia.
Wa pili ukaingia chini yangu
kama mkono chini ya mtoto aliyelala,
na ule ubao, bila kuuliza sababu yoyote,
ukakubali.

Nilisimama. Nikahesabu moja mpaka saba.
Saba ni nyingi,
jaribu kuzihesabu huku maji yamekubeba.
Kwenye nane niliingia kwenye magugu maji,
nikatoka na kilemba cha kijani,
na darasa zima la sita likipiga kelele mwaloni:
Mwalimu, rudia!

Nimerudia, mara nyingi tu.
Holo bado ananidai sato wake.
Anasema alikuwa kilo moja na robo.
Nabisha: alikuwa mpana tu.